Dawa Walizomtulizia Baba Yako

Nekesa mwanangu,

Sanduku lako nimelifunga mwenyewe na sitakuandikia kilichomo. Sabuni utaiona, blanketi utaiona. Mambo ya kuamka mapema, kuchagua marafiki na kujihadhari na wavulana umeyasikia kwangu mpaka masikio yakachoka. Barua hii si ya hayo. Nimekaa nyuma ya jikoni, jua bado liko, baba yako anapukuchua mahindi ya kuku upande wa pili wa ukuta, nami nina jambo ambalo nimelimeza tangu ukiwa mdogo. Limenichoma tumbo vya kutosha.

Kesho unaondoka hapa Tongaren kwenda kusomea uuguzi. Wiki iliyopita ulimwambia shangazi yako, mbele yangu, kwamba ukimaliza ungependa wodi ya wagonjwa wa akili. Ukasema, "Hao ni rahisi, shangazi. Ukishawadunga wanatulia." Mkacheka wote wawili. Mimi nikatoka nje, mkadhani naenda kuangalia sufuria.

Uliambiwa zamani kwamba baba yako aliugua malaria ikapanda kichwani. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo, tena nikawafundisha majirani waseme hivyo. Haikuwa malaria.

Barasa unayemjua wewe ni mtu wa kukaa. Anakaa kivulini, anakaa mezani, ukimwita anageuka polepole kama ng'ombe aliyeshiba, na mdomo wake hautulii, unatafuna hata kama hakuna kitu ndani. Barasa aliyenioa alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba moja kubwa kule Endebess. Alikuwa akilima huku anaimba, sauti inapita juu ya mngurumo wa injini, na sisi wanawake wa palizi tulijua yuko upande gani bila kuinua kichwa. Nilimpendea sauti hiyo. Akishuka kwenye trekta alikuwa mtu wa maneno machache, hata nikawa namtania kwamba nimeolewa na redio inayoshika shambani tu.

Mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya manjano, wewe ukiwa ndiyo umeanza darasa la kwanza, alianza kukosa usingizi. Mwanzoni alicheka, akasema amerudishiwa nguvu za ujana. Kisha maneno yakaanza kumtoka bila kituo: atanunua trekta zake mwenyewe, atachimba mfereji kutoka Mlima Elgon hadi mlangoni kwetu, atanijengea nyumba ya madirisha kila upande. Mimi nilifurahi, Nekesa. Nilidhani Mungu amemfungua ulimi. Nilikaa naye nikimsikiliza, namwongezea chai, nami nikamwambia hayo madirisha nataka yawe ya kijani. Mtu anaungua mbele yangu, mimi naota moto.

Asubuhi moja aliwasha trekta, akaingia kwenye shamba la meneja, mahindi yamefika magotini, akashusha plau na kuyageuza chini ya udongo akiimba. Mwaka ule watu walikuwa bado wana njaa mashavuni. Alipita mara nyingi kabla hawajamkimbilia. Walimteremsha kwa mipini ya majembe. Nilipofika damu ilikuwa ikimtoka sikioni, naye anawaeleza kwa upole kabisa kwamba ardhi imemwambia imechoka, inataka kulala.

Walimfunga kwa kamba ya katani, wakamlaza kwenye trela, wakampeleka hospitali moja upande wa Kitale. Jina lake sitaliandika. Nesi wa kiume akaja na bomba la sindano la kioo. Baadaye nilielezwa kwa nini kioo: dawa ile ikikaa kwenye plastiki inailainisha. Inaitwa paraldehaidi. Wanaume walimkalia miguu na mgongo, suruali ikavutwa chini mbele ya watu wote, mimi nikiwemo, na mama yake pia. Hakuna aliyemwambia neno. Hakuna aliyesema Barasa, tunakudunga, utalala, ukiamka tutakuwa hapa. Walizungumza juu yake kama watu wanaosaidiana kumchinja mbuzi.

Alilala. Nataka niwe mkweli kwako: ile dawa ilimlaza, na alihitaji kulala, maana angeendelea vile angekufa kwa kuchoka au kwa majembe. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikashukuru. Lakini pale walipomdunga pakavimba, pakawa jipu, jipu likachimbwa likaacha shimo unaloweza kutia kidole. Kwa wiki nyingi hakuweza kukaa. Fikiria dereva wa trekta asiyeweza kukaa. Na harufu ya dawa ilikuwa inatoka kwenye pumzi yake. Ulipoletwa kutoka Matulo kwa kukhu yako, bibi yako mzaa baba, ulikataa kumkumbatia. Ulisema baba ananuka kama rangi ya mlango. Alicheka, kisha akaenda kulala kifudifudi.

Kazi ilikuwa imekwisha. Tukapanga kipande cha shamba palepale Endebess, tukalima kwa jembe.

Nilidhani limepita. Hilo ndilo kosa ambalo kila mke wa mgonjwa kama huyu hulifanya. Alipewa vidonge, akanywa mpaka akajisikia mzima, akaacha, nami sikumwuliza, kwa sababu kumwuliza ni kukubali kwamba kitu kile kina jina na kinakaa kwetu.

Kilirudi mwaka wa kura ya mlolongo. Watu walipanga mistari kwenye uwanja wa shule, kila mtu nyuma ya mgombea wake, na baba yako akasimama katikati ya mistari akiwahubiria kwamba wanahesabiwa kama ng'ombe wa kupelekwa dipu kuogeshwa. Watu wengi walikuwa wanafikiri hivyohivyo, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Askari walimchukua kama mchochezi. Kwa bahati mmoja wao alikuwa anamfahamu, akawaambia wenzake, "Huyu si siasa, bana. Huyu ni kichwa." Wakampeleka hospitali ileile.

Safari hii hapakuwa na bomba la kioo. Walimdunga klopromazini. Nilimwona akilainika kama mshumaa, nikajiambia afadhali hii, haina harufu, haichomi sana. Kesho yake alitaka kwenda haja ndogo. Aliamka kitandani upesi kama mtu mwingine yeyote anavyoamka, na macho yakageuka, magoti yakakatika, akaanguka na paji la uso likagonga chuma cha kitanda. Baadaye ndipo nesi akasema, huku akimshona, "Si mngemwambia aamke polepole? Hii dawa inashusha presha." Nikamwambia hatukuwa tunajua. Akasema, "Basi sasa mnajua." Lile kovu lililo juu ya jicho lake, ambalo nilikuambia aliangukia jembe, lilitoka pale.

Tena dawa ile haikuwa ya siku moja. Walimrudisha nyumbani na vidonge vyake, akawa mzito kama blanketi iliyonyeshewa. Akitoka nje jua linamchoma ngozi, uso na mikono vikawa vyekundu vikabambuka, na alikuwa mkulima. Mkulima atajificha jua wapi?

Kwenye wodi hiyohiyo kitanda cha pili alikuwa kijana mmoja ambaye mama yake aliniazima kanga. Alikuwa ametolewa kwenye kilabu cha busaa, analia na kurusha ngumi. Yeye alidungwa diazepamu kwenye mshipa. Nekesa, ilikuwa kama mtu amezima taa. Hata mimi nilimwonea wivu mama yule. Nesi naye alifurahi, akaenda kwa wagonjwa wengine, na walikuwa wengi, yeye akiwa peke yake. Sisi wamama wawili tukakaa tunaongea juu ya mbolea. Kila nikimtazama kijana, mama yake ananiambia, "Mwache, amelala. Hajalala siku nyingi." Alipomgusa shavu lilikuwa limepoa. Dawa ile ilikuwa imekutana na pombe ndani yake, na pumzi ikasahau njia. Hakuna aliyemwuliza mama kama mwanawe amekunywa, na yeye, mtu wa kanisa, hakutaka kulisema mwenyewe. Nilirudisha ile kanga kwa mikono yangu.

Nilianza kuelewa kitu pale, ingawa sikuwa na maneno yake. Kila dawa ya kutuliza inachukua kitu na inaacha kitu. Hii inachukua fujo inaacha jipu. Ile inachukua fujo inaacha mtu asiyeweza kusimama. Ile nyingine ni ya haraka kuliko zote, lakini inataka mtu akae pale ahesabu pumzi. Wanaodunga wanaona kile kinachochukuliwa. Sisi tunarudi nyumbani na kile kilichoachwa.

Halafu vikaja vita vya mashamba. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kuvikumbuka: moshi, watu wanashuka na magodoro kichwani, ng'ombe wasio na wenyewe barabarani. Tulikimbilia Matulo kwa kukhu yako. Tulibeba Biblia, kuku wawili na wewe. Vidonge vya baba yako vilibaki juu ya kabati katika nyumba iliyoungua. Kwa muda alikuwa mzima kuliko sisi sote, anapanga watu, anagawa uji pale kanisani. Nilijua. Safari hii nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa anamsifu, na nilikuwa sijaona watu wakimsifu tangu trekta. Nilitaka sifa hizo zidumu kidogo.

Alipovunjika alivunja na madirisha ya kanisa. Wakampeleka kituo kimoja cha afya njia ya kwenda Bungoma. Pale akadungwa haloperidoli. Nikaona ajabu: haikumlaza. Ilimtuliza akiwa macho. Alikaa kitako, akaomba maji, akaniuliza wewe uko wapi. Nikasema hii sasa ndiyo dawa. Wakaturuhusu twende nyumbani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katikati ya maombi shingo yake ilianza kujivuta upande mmoja, taratibu, kama kuna mtu anaipinda kwa nyuma. Kidevu kikafika begani. Macho yakapanda juu yakabaki meupe. Ulimi ukatoka nje ukakataa kurudi. Watu wakapiga yowe. Kukhu yako akaanguka chini akisema ameyaona haya kwa baba mkwe wake, na kwamba sasa mambo yamejidhihirisha.

Walimzunguka. Wanaume wakaishika ile shingo wairudishe kwa nguvu, mwingine akambana taya, mwingine akamkalia tumbo, pepo akaamriwa atoke. Waliomba mpaka sauti zikawakauka. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa miongoni mwao. Nilimshika mkono wa kushoto na nikaomba kama wao. Alikuwa ananifinya kiganja. Nilifikiri ni pepo anayenifinya.

Siku ya pili mwalimu mmoja, jirani, alikuja akamtazama akasema, "Mama Nekesa, huyu alidungwa nini? Mrudishe." Tukamrudisha kwenye baiskeli, amelazwa kama gunia. Daktari aliyekuwa zamu alimwona tu mlangoni akacheka kidogo, si kwa ubaya, ni kicheko cha mtu aliyezoea. "Hiyo ni dawa, si pepo," akasema. "Inakaza misuli ya watu wengine." Akamdunga promethazini, dawa wanayopewa watu wenye mwasho na mafua, na nikiwa bado nimemshikilia nilisikia shingo ikilegea mkononi mwangu. Macho yakashuka. Ulimi ukaingia. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa: "Nilikuwa nawasikia nyote."

Nilimwuliza yule daktari kwa nini hawakutuambia kwamba hili laweza kutokea. Akasema, "Si kila mtu humtokea, mama. Ukiwaambia watakataa sindano." Labda alikuwa na haki. Lakini Barasa hakukataa sindano kwa sababu aliambiwa. Aliikataa kwa sababu hakuambiwa. Tangu siku hiyo akiona koti jeupe alikuwa anakimbia, hata la muuza nyama.

Miaka miwili tuliishi hivyo, tumeshapata kipande hiki cha Tongaren, anazama na kuibuka, na mimi nasema malaria. Kisha akapanda juu ya paa la jirani na panga, mchana, wewe ukiwa shuleni, watu wako chini na mawe. Alikuwa anapiga kelele kwamba hatashuka wampinde shingo. Wao walisikia kwamba anataka kuwakata shingo. Kwa sababu ya neno hilo moja angeuawa pale. Nilipanda nikakaa naye juu ya mabati ya moto, nikamwambia uongo kwamba tunakwenda Kitale kumwona ndugu yake. Akaniamini. Alishuka, akanipa panga, akaingia kwenye pikapu ya jirani. Alipoona geti la hospitali aligeuka akanitazama. Sitakuelezea alivyonitazama.

Pale alikuwepo daktari mwanamke, Daktari Achieng'. Hakuwa mpole kama malaika, usidhani. Alikuwa amechoka, kiatu kimoja kimekatika kamba, na alinikemea kwa kuzungumza wakati yeye anazungumza. Lakini aliwaambia walinzi wawili wasimame mlangoni, akaketi kwenye stuli mbali kidogo na baba yako, akasema, "Mimi naitwa Achieng'. Wewe?"

"Barasa."

"Barasa, mara ya mwisho walikudunga nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hilo. Hata mimi. Baba yako aliinua mkono akageuza shingo yake mwenyewe upande, mpaka kidevu kikagusa bega, akabaki hivyo akimwangalia.

"Ati walikudunga hiyo peke yake?" daktari akasema. "Na zile za kabla yake?"

Akamwonyesha shimo la matakoni. Akamwonyesha kovu la usoni. Alifunua nguo yake mwenyewe, bila kuvutwa na mtu. Daktari akaniuliza kama amekunywa pombe siku ile. Nilikumbuka kanga ya yule mama, nikasema ndiyo, alikunywa busaa asubuhi, ingawa mchungaji wetu aliyetusindikiza alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sawa. Basi ile ya mshipa tuiache," akasema. Akamgeukia baba yako. "Sikiliza, Barasa. Ninayo ile iliyokupinda shingo, na ninayo ile iliyoikunjua. Nikizichanganya sindano moja, shingo itakaa sawa na utapata usingizi. Ukiamka mdomo utakuwa mkavu, na usisimame haraka. Huyu sista atakaa hapa na wewe mpaka uamke. Usipotaka, sema unataka nini. Lakini hivi hivi siwezi kukuacha, si unajiona?"

Baba yako aliinuka, akalitazama dirisha. Walinzi walisogea, daktari akawazuia kwa kidole. Nilihesabu kwamba sasa ataruka dirishani. Baba yako akalegeza mkanda wake, akajilaza kwenye kile kitanda kwa kifua, akasema, "Upande huu. Ule una shimo."

Nimeona mambo mengi kanisani na watu wangu waliookoka, Nekesa, sijaona lililonitoa machozi kama lile. Alilala kabla chai niliyoletewa haijapoa. Sista alikaa. Kila mara aliweka mkono kifuani pake, akatazama, akaandika, akakaa. Alipoamka shingo ilikuwa sawa, mdomo mkavu kama alivyoambiwa, akamwambia sista kwamba hapa atarudi. Na kweli mara nyingine alipoanza kukosa usingizi aliniamsha mwenyewe akasema, "Twende kwa Achieng'." Alikwenda kwa miguu yake.

Utafundishwa dawa hizi darasani, na pengine ukifika zitakuwepo nyingine. Watakufundisha ipi inafanya kazi haraka na ipi inakaa muda mrefu. Hayo ni yao. Mimi ninachojua ni kwamba kila sindano aliyodungwa baba yako ilimfundisha kama arudi au akimbie, na mafunzo ya zile tatu za kwanza nusura yamtie kaburini akiwa juu ya paa.

Ningependa kukomea hapo. Ningetoka vizuri.

Baada ya hapo aliwekwa kwenye sindano ya kila mwezi, ile ya mafuta, ili asisahau vidonge. Alitulia. Akatulia tena zaidi. Daktari Achieng' akaniita siku moja akaniambia, "Mama Nekesa, mumeo yuko sawa kwa muda sasa. Naona midomo imeanza kucheza, na hiyo ni dawa ikizidi. Tuipunguze pole pole. Huenda akasumbuka kidogo, mtakuja tuone."

Nilikumbuka trela. Nilikumbuka paa. Ulikuwa umeingia kidato cha tatu, nilikuwa nimeanza kulala usingizi wangu kwa mara ya kwanza tangu niwe mke wa mtu. Nikamwambia, "Daktari, usipunguze." Akanieleza tena. Nikasema, "Wewe hulali naye. Mimi ndiye ninayelala naye. Mwache hivyo."

Hakuna aliyemwuliza Barasa. Alikuwa nje kwenye benchi, kimya, kama mtu mzuri. Mimi niliyewachukia kwa kuzungumza juu ya kichwa chake niliamua juu ya kichwa chake. Kisha Achieng' akahamishwa, na waliokuja baadaye walikuta imeandikwa sindano, wakadunga sindano. Mpaka mtu alipofikiria kuipunguza, ule mdomo ulikuwa umeshajifunza kutafuna peke yake, na tuliambiwa huenda usiache. Haimbi. Nimemwuliza kwa nini, akasema ulimi haumtii kwenye nyimbo. Anasema tu hivyo, halafu anaendelea na kazi aliyonayo mkononi.

Wewe umedhani ule mdomo ni ugonjwa wake. Sivyo. Ule mdomo ni mimi niliyetaka kulala.

Sijui kama nilikosea kabisa. Pengine tungepunguza akapanda paa jingine na mawe yakampata. Nimelipima hili mara nyingi na mizani haitulii. Ninachokuomba usije ukawa mtu ambaye akiona wodi kimya anadhani kazi imekwisha. Kimya kingine ni usingizi, kingine ni hofu, kingine ni mtu ambaye amechukuliwa zaidi ya ulichokusudia kuchukua. Uwe unaangalia ni kipi. Na mke wa mtu akikuambia usipunguze, usimchukie, lakini nenda nje kwenye benchi ukamwulize mwenyewe.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kukuambia.

Siku ile ya wazazi shuleni kwenu, mwaka jana, nilikuwa nyuma ya choo cha walimu nikimsafishia baba yako mate kwenye kola. Rafiki zako wakakuuliza yule mzee anayetafuna ni nani. Ukawaambia, "Ni mtu wetu wa shamba. Amembebea mama mzigo." Nilisikia sawasawa. Yeye pia alikuwepo, na sijui alisikia au la, kwa sababu uso wake siku hizi hausemi. Sikukugombeza. Ningekugombeza kwa mdomo upi? Mimi niliyekufundisha malaria. Aibu hiyo uliinyonya kwangu.

Leo mchana nilimwambia wewe unakwenda kusomea nini hasa. Nilimwambia hata lile la wodi. Alikuwa na gunzi mkononi, akaacha kupukuchua. Mdomo ukaendelea kutafuna, nikafikiri amesahau nilichosema. Kisha akaniuliza, "Nekesa ndiye atakuwa anadunga?"

Nikamwambia ndiyo, akimaliza.

Akasema, "Basi nikishikwa tena, nipelekeni kwake."

Mama yako,
Nanjala